Gitaa kwenye treni ya Kigoma

Reli ya Kati, ile ya zamani, inatoka Dar es Salaam hadi Kigoma, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na ikafika Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR inapeleka abiria Dodoma kwa saa chache, lakini mwenye ndugu Urambo, Uvinza au Ujiji bado anahesabu safari yake kwa mtindo wa zamani: usiku, mchana mzima, kisha usiku mwingine.

Msimu wa likizo ya Desemba mabehewa hujaa familia. Kuna ndoo zenye mifuniko zilizojaa nguo, magodoro yaliyofungwa kamba, chupa za chai, na watoto waliolala juu ya mabegi kabla hata treni haijafika Pugu.

Gitaa la umeme huonekana kama mgeni katika mizigo hiyo. Si mgeni. Reli hii ni njia ya gitaa kuliko njia nyingine yoyote nchini. Morogoro ndiko alikokuwa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, na ndiko Mbaraka Mwinshehe alikopigia Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano. Ukifika Tabora, unakutana na majina ya Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Reli inapoishia kuna ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, nchi ya Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuwafanya vijana wengi wa Afrika Mashariki watamani kushika gitaa.

Desemba iliyopita, familia moja ya Tabata ilipanda treni hiyo ikiwa na gitaa. Baba, mama na watoto watatu walikuwa wanakwenda Ujiji kwa bibi mzaa baba kwa wiki nne. Mwenye gitaa alikuwa binti mkubwa, miaka 16, wa kidato cha tatu.

Safari yenyewe haikuwa na shida. Shida ilikuwa tarehe. Bendi ya shule yao ilibakiwa na nafasi moja, ya gitaa la solo la pili, na mwalimu wa muziki alishasema wazi kwamba shule ikifunguliwa atawasikiliza wanafunzi wawili, binti huyo na mvulana mmoja wa kidato cha pili, kwa nyimbo tatu za dansi. Mmoja atapiga kwenye mahafali, mwingine atasubiri mwakani. Mvulana anakaa Dar es Salaam, jirani na kanisa lenye vyombo. Binti alikuwa anakwenda kukaa mwezi mzima mwisho wa reli.

Nyumbani Tabata alikuwa akitumia amplifaya kubwa ya kuazima, yenye uzito wa kilo 15 hivi, ambayo ikiwashwa jirani wa ukuta wa pili anapiga simu. Hiyo haikuwa ya kubeba. Baba akatoa jibu la baba wengi: "Si ulipige hivyohivyo bila kuliunganisha? Nyuzi si zipo?"

Zipo, lakini gitaa la umeme lisilounganishwa halitoi sauti ya kutosha hata kwa mpigaji mwenyewe. Anayefanyia mazoezi namna hiyo hujikuta anakandamiza na kuvuta nyuzi kwa nguvu ili asikie kitu, na nguvu hiyo inakuwa tabia. Baya zaidi, hasikii makosa madogo: uzi wa jirani uliopaswa kunyamaza lakini unavuma, au kidole kilichochelewa kunyanyuka. Siku akiunganishwa jukwaani, makosa yote yanatoka kwenye spika mbele ya watu. Kwa mpigaji wa solo la pili, ambaye kazi yake ni kurudia kipande kifupi kwa usafi dakika nane bila kuchoka, hilo ni jambo la kumnyima nafasi.

Basi mama akatenga Sh200,000 kutoka kwenye mchezo wake wa upatu, na Jumamosi moja wazazi na binti wakaenda Kariakoo kutafuta amplifaya ya kusafiri nayo.

Mzazi asiyejua muziki akiingia kwenye duka la vyombo huulizwa swali moja: "Unataka wati ngapi?" Swali hilo linapoteza watu. Kwa mazoezi ya chumbani, wati 1 inatosha, na wati 3 ni nyingi. Isitoshe, sikio halihesabu kama bei inavyohesabu. Ili sauti isikike kama imeongezeka mara mbili, nguvu inapaswa kuongezeka kama mara kumi, kwa hiyo tofauti ya wati 3 na wati 6 ni ndogo kuliko muuzaji anavyoielezea. Kinachosikika zaidi ni ukubwa wa spika. Spika ya inchi 2 haiwezi kutoa sauti nzito kama ya inchi 5, hata ukiipa nguvu vipi. Ndiyo maana mtoto anayejifunza gitaa la besi asinunuliwe kidude cha mfukoni chenye spika, maana atasikia mlio tu bila besi. Huyo ni bora apewe cha hedifoni.

Muuzaji aliwawekea mezani vitu vya aina tatu.

Cha kwanza kilikuwa kidogo kama kiberiti kikubwa. Hakina spika. Kinachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la gitaa, halafu hedifoni inachomekwa kwenye kidude chenyewe. VOX wanatengeneza vya namna hiyo kwa jina la amPlug, vinavyotumia betri mbili ndogo za rimoti. Kinaingia mfukoni, na ndicho cha bei ya chini kuliko vyote. Mama alikipenda papo hapo, kwa sababu kilimaanisha nyumba yenye utulivu.

Cha pili kilikuwa na chaji ndani, kinachajiwa kwa waya uleule wa simu, na kinaongozwa kwa programu ya simu. Spark GO ya Positive Grid ni ya kundi hili: wati 5, spika ya inchi 2, uzito usiofika nusu kilo. Binti macho yalimtoka. Programu ina sauti chungu nzima za amplifaya za kila zama, na ngoma za kusindikiza. Lakini ngoma nyingi za programu hizo zimepangwa kwa ajili ya roki na bluzi, na kijana anaweza kumaliza jioni nzima akibadilisha milio badala ya kupiga. Bei nayo ilizidi bajeti kwa mbali, kwa hiyo mjadala haukuwa mrefu.

Cha tatu ndicho kilichozua maneno. Ni amplifaya ndogo yenye spika yake, inayotumia betri za kawaida. Ndani ya kundi hili zipo nyingi. Fly 3 ya Blackstar ina wati 3 na spika ya inchi 3, uzito wake haufiki kilo moja. Katana Mini ya Boss ina wati 7 na spika ya inchi 4. Micro Cube GX ya Roland ina spika ya inchi 5, lakini inakaribia kilo 3, na kwa mtu atakayebeba pia gitaa, mtoto na ndoo, kilo mbili za ziada si mzaha. Zote tatu zinatumia betri sita za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo zinapatikana kwenye duka lolote kuanzia Kilosa hadi Kaliua.

Hapo ndipo muziki wenyewe unapoamua. Amplifaya nyingi ndogo zimetengenezwa kwa kumfikiria mpigaji wa roki, anayetaka sauti ikorome. Ukiongeza kidogo tu, inaanza kupasuka, na kwake huo ndio utamu. Gitaa la dansi linataka kinyume chake. Solo la kwanza, la pili na rizimu yanasukana kama ukili. Kila uzi lazima usikike peke yake, safi, mkavu kidogo, ndipo mkeka uonekane. Sauti ikikoroma, magitaa matatu yanakuwa uji.

Kwa hiyo kipimo cha kutumia dukani ni chepesi, na hata mzazi asiyejua noti anaweza kukifanya. Kitufe cha kukoromesha kizimwe. Sauti ipandishwe hadi robo tatu. Mtoto apige nyuzi mbili kwa pamoja, siyo mmoja, kwa nguvu yake ya kawaida. Kama zinasikika mbili, sawa. Kama zinageuka mlio mmoja wenye mikwaruzo, amplifaya hiyo haiwezi kazi ya dansi, hata ikiwa na jina kubwa na rangi ya dhahabu. Binti alijaribu nne. Mbili zilikwaruza. Moja ilikuwa nzito. Iliyobaki ilikuwa ya wati 3, imeshatumika, kona moja imechubuka.

"Hii mama ni ya mtu alirudi kwao Ulaya, haijasumbua hata siku moja," muuzaji akasema.

Mama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na amezoea kusahihisha, akaomba kuona matundu. Yalikuwa manne, na aliuliza kazi ya kila moja. Tundu nene, la milimita 6.35, ni la waya wa gitaa. Jembamba la kwanza ni la hedifoni. Jembamba la pili ni la kuingizia simu. La mwisho ni la chaja.

Tundu la simu wazazi wengi hulipuuza, na kwa anayejifunza ndilo lenye thamani kuliko yote. Wimbo unatoka kwenye simu, unaingia kwenye amplifaya, na mtoto anapiga juu yake kama vile amekaa katikati ya bendi. Nyimbo za dansi hazina vitabu vya noti madukani. Zinashikwa kwa sikio, sentensi baada ya sentensi. YouTube ina sehemu ya kupunguza mwendo wa wimbo hadi robo tatu au nusu bila kushusha sauti yake, tofauti na wapigaji wa zamani waliopunguza mzunguko wa santuri kwa kidole. Ila treni ina maeneo marefu yasiyo na mtandao, kwa hiyo nyimbo zihifadhiwe kwenye simu kabla ya kuondoka.

Hedifoni nayo iwe ya waya. Zisizo na waya, zinazotumia Bluetooth, huchelewesha sauti kidogo. Kwa kusikiliza taarifa ya habari haijalishi, lakini kwa kupiga gitaa ni mateso: kidole kinagusa sasa, sikio linapokea baadaye, na mtoto anaanza kudhani ana tatizo la mapigo. Ile ya Sh10,000 yenye waya itamfaa kuliko ya Sh100,000 isiyo na waya.

Kwenye chaja kuna hatari ambayo wenye ndugu ng'ambo wanaijua. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240, na wa Marekani 120. Shangazi akituma amplifaya kutoka Minnesota kwa mapenzi yote, na chaja yake imeandikwa 120V peke yake, ikichomekwa Tabata inaungua siku hiyohiyo. Yasomwe yale maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Yakisema 100-240V, itafanya kazi kote, kinachohitajika ni kichwa cha kuchomeka tu. Pia isitumiwe chaja ya redio kwa sababu pini yake inaingia. Pini zinafanana, lakini volti na mpangilio wa chanya na hasi vinaweza kuwa tofauti, na amplifaya ndogo nyingi zimekufa kwa kuchomekwa chaja ya jirani. Iliyouzwa Kariakoo haikuwa na chaja kabisa. Baba aliona ni kasoro na akaitumia kushusha bei hadi Sh140,000. Kwa safari ya treni, kasoro hiyo haikuwa na maana yoyote.

Wanaosafiri kwa ndege kwenda Muscat au Dubai wana hesabu nyingine. Chombo chenye betri ya lithiamu ndani yake ni vizuri kikae kwenye begi la mkononi, na powerbenki haziruhusiwi kabisa kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ya shirika ni wati-saa 100. Powerbenki ya 20,000 mAh ina wati-saa 74 hivi, hivyo inapita.

Treni iliondoka. Mama na mabinti wawili walikuwa kwenye chumba cha daraja la pili chenye vitanda sita, pamoja na wanawake wengine watatu; baba na mtoto wa kiume chumba cha jirani. Gitaa lilipewa kitanda cha juu kabisa, limelazwa ukutani nyuma ya binti, kwa sababu chini ya vitanda ndiko zinakosukumwa ndoo na ndiko maji humwagika. Nyuzi zililegezwa kidogo. Joto la mchana wa Dodoma na ubaridi wa alfajiri vinazivuta na kuzilegeza vyenyewe, na kabla ya kila mazoezi ilibidi zipimwe upya kwa simu.

Usiku baada ya Morogoro binti alivaa hedifoni, akapiga saa moja na nusu. Abiria wenzake walisikia mkwaruzo wa kucha tu. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Kaliua alimtazama muda mrefu, kisha akamuuliza mama yake kwa sauti ya chini kama binti anaumwa, kwa jinsi vidole vinavyotembea na mdomo ulivyofungwa. Alipoelezwa, akaomba na yeye asikilize. Akavishwa hedifoni. Alisikiliza, akazirudisha na kusema, "Kumbe huku ndani kuna sherehe."

Hedifoni zina sumu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kwa watoto iwe desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda salama hukatika nusu. Amplifaya ndogo haina kipimo cha desibeli, na ndani ya treni yenye kelele za magurudumu mtoto hupandisha sauti bila kujua. Mama aliweka utaratibu wake: akimwita binti kwa sauti ya kawaida kutoka kitanda cha pili na asisikie, sauti inashushwa. Na waya wa gitaa uchomekwe sauti ikiwa sifuri, maana ule mlipuko wa kuchomeka, ukiwa umevaa hedifoni, ni kama kofi.

Mchana hakuna aliyefanya mazoezi. Stesheni ya Saranda ina kuku, na kila aliyewahi kupita anajua kwamba huko watu hawaulizani kama wananunua, wanaulizana wanunue wangapi. Itigi joto. Tabora asali kwenye chupa za soda na za maji, na muda mrefu wa kusimama wakati mabehewa ya Mwanza yanatenganishwa na ya Kigoma. Baba alishuka, akasimama kwenye jukwaa la stesheni peke yake kwa muda. Aliporudi alimwambia mkewe kwamba ni hapo ambapo babu alikuwa akishukia.

Hiyo ndiyo habari ambayo watoto walikuwa wameisikia nusunusu. Babu alikuwa mpiga gitaa. Hakuwa na jina, wala wimbo wake haukurekodiwa popote panapojulikana na familia. Alipanda treni kutoka Kigoma kwenda Tabora kupiga kwenye kumbi, anakaa wiki mbili, mwezi, miezi mitatu, na bibi anabaki Ujiji na watoto wadogo na deni dukani. Siku alipoacha, gitaa liliuzwa, na bibi hakutaka jingine ndani ya nyumba yake. Baba wa binti alikatazwa hata kulishika la shuleni. Kwa hiyo amplifaya ndogo yenye hedifoni haikununuliwa kwa ajili ya treni tu. Baba alikuwa amepanga kwamba mama yake asisikie chochote.

Mpango ulidumu siku tano.

Ujiji ni mji wa misikiti, miembe na baraza. Ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871, lakini wenyeji wana mambo mengi ya kuzungumza kuliko hilo, na wanayazungumzia barazani. Asubuhi migebuka inapita kwenye beseni, jioni harufu ya mawese inatoka kila jiko. Mtu akipita anasalimu, na anayesalimiwa anaitikia. Hakuna anayekaa barazani akiwa hayupo.

Binti alikuwa hayupo. Alikaa pembeni ya baraza na gitaa mapajani, masikio yamezibwa. Bibi alimwita amletee maji. Akaita tena. Mara ya tatu jirani aliyekuwa anapita ndiye aliyekwenda kumgusa bega.

"Huyu mtoto," bibi akamwambia mwanawe usiku ule, "amekuja kunitazama mimi, au amekuja na masikio yake wakae wawili?"

Baba akajaribu kueleza kuhusu kelele. Bibi akamkata: kelele za kuku, za redio, za mashine ya kusaga anazisikia kila siku, hazijamuua. Anachokataa ni mjukuu kukaa naye mwezi mzima huku hasikii akiitwa.

Wauzaji hawawezi kulieleza jambo hili, na wazazi wanaonunua kidude cha hedifoni pekee hulikuta baadaye. Hedifoni zinalinda nyumba na kelele, na saa nyingine, hasa usiku na kwenye chombo cha abiria, hazina mbadala. Lakini mtoto anayefanya mazoezi yote masikioni mwake anatoweka nyumbani. Ndugu hawajui kama anapiga vizuri au vibaya, hawamsifu wala hawamtanii, na kipaji kinakua bila shahidi. Spika ya inchi 3, yenye sauti isiyovuka ua, inamrudisha. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, ni heri kile chenye spika na tundu la hedifoni pamoja kuliko kile cha hedifoni tu, hata kama mfuko unakuwa mzito kidogo.

Kesho yake hedifoni zilibaki ndani. Amplifaya iliwekwa juu ya kigoda, sauti kwenye robo, na utaratibu ukapangwa: saa nne asubuhi hadi adhuhuri, na alasiri kidogo. Adhana ikianza inazimwa. Magharibi haiwashwi tena.

Siku ya kwanza bibi alikaa amegeuza mgongo, anachambua mchele. Siku ya pili vilevile. Mchele wa siku ya pili ulichambuliwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Siku ya tatu, binti akirudia kipande kilekile cha solo la pili kwa mara ya ishirini, bibi alisema bila kugeuka:

"Mke mwenzangu, hapo unakimbia."

Binti akasimamisha mkono. "Shikamoo bibi, sikusikia."

"Marahaba. Umesikia sana. Mume wetu alikuwa hakimbii hapo. Alikuwa anaachia, anangoja besi ipite, ndiyo anaingia."

Akaimba ile besi kwa mdomo, taratibu, akipiga ungo kwa kidole. Binti akajaribu. Bibi akatikisa kichwa. Akajaribu tena. Hawakuzungumzia kitu kingine hadi adhuhuri, na baba, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hakunywa chai yake.

Isidhaniwe kwamba bibi alisamehe kila kitu. Jioni alipoulizwa na mkwewe kama anakumbuka nyimbo nyingine, alisema anakumbuka zote, na anakumbuka pia siku ambazo hapakuwa na unga. Lakini asubuhi ndiye aliyeuliza mbona kigoda hakijatolewa nje. Wiki ya tatu alikuwa anajua kitufe cha kuwashia kiko wapi. Alipinga ile sauti ya mwangwi ambayo binti aliipenda, akasema inafanya gitaa kama linapigwa ndani ya kisima, na kwa nyimbo zile alikuwa sahihi. Mwangwi unaficha vidole visivyo safi. Ukazimwa.

Betri sita za kwanza zilimaliza likizo nzima. Walikuwa wamebeba nyingine sita ambazo ziliishia kwenye tochi ya bibi.

Januari mwalimu aliwasikiliza wote wawili. Mvulana alikuwa na kasi zaidi. Mwalimu alimpa wimbo mmoja, wa haraka, na binti akapewa miwili ya mwendo wa taratibu, yenye pale pa kungoja besi. Simu ilipigwa Ujiji jioni hiyo. Bibi aliuliza kwanza kama alifaulu hesabu.

Amplifaya sasa iko juu ya kabati sebuleni Tabata, ikisubiri Juni. Betri zimetolewa na kuwekwa pembeni kwenye mfuko, kwa sababu betri zikiachwa ndani miezi mingi huvuja, na ule ute wake unakula vyuma vya kushikia.